Ala za kale zafufuka: Muziki wa baroki na funzo lake kwa Eastlands

Kwa miaka mingi, mpita njia aliyekatiza mtaa wa Makongeni jijini Nairobi jioni za kuelekea Krismasi hakukosa kusikia kwaya ikirudiarudia neno moja: Haleluya. Soprano huanza, alto na tena wakajibu, kisha besi zikanguruma chini mithili ya gari-moshi linaloingia stesheni. Mfano huo wa gari-moshi si wa kubahatisha, kwani Makongeni ni mtaa uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli.

Wachache miongoni mwa waimbaji hao walifahamu kwamba wimbo huo, ambao ni sehemu ya utungo mrefu wa George Frideric Handel uitwao Messiah, ulisikika hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin, Ireland, Aprili 13, 1742. Wachache zaidi walijua kwamba fidla, tarumbeta na vinanda vilivyousindikiza siku hiyo vilikuwa na umbo na sauti tofauti na ala zinazouzwa leo katika maduka ya muziki. Fidla zilikuwa na nyuzi za utumbo wa kondoo. Tarumbeta hazikuwa na vibonyezo. Piano haikuwepo ukumbini.

Leo hii wapo wanamuziki ulimwenguni waliojitolea kuupiga muziki wa zama hizo kwa ala za zama hizo hizo, au kwa nakala zilizochongwa kwa kufuata vipimo vya ala za asili. Makala haya yanaeleza wanamuziki hao ni akina nani, ala zao hufanya kazi vipi, na kwa nini kisa chao kinamhusu hata mkazi wa Eastlands ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa okestra.

Baroki ni nini?

Neno baroki hutumiwa kuutaja muziki wa Ulaya uliotungwa kati ya mwaka 1600 na 1750, takriban. Mwanzoni mwa kipindi hicho yupo Claudio Monteverdi wa Italia, ambaye mwaka 1607 aliwasilisha mjini Mantua mchezo wa kuimbwa uitwao L'Orfeo. Mwishoni yupo Johann Sebastian Bach wa Ujerumani, aliyezaliwa 1685 na kufariki 1750. Katikati yao wamo Antonio Vivaldi wa Venice, Jean-Philippe Rameau wa Ufaransa na Handel mwenyewe, Mjerumani aliyehamia Uingereza.

Muziki mwingi wa wakati huo haukukusudiwa kumbi kubwa. Ulipigwa katika sebule za makasri, makanisani na katika nyumba za matajiri, na kundi dogo la watu watano, kumi au ishirini. Hii ndiyo maana makundi ya aina hii huitwa makundi ya chumbani. Kila mwanamuziki hubeba sehemu yake peke yake au pamoja na wenzake wachache. Hakuna pa kujificha: anayekosea husikika.

Aidha, makundi hayo kwa kawaida hayakuwa na kiongozi wa kusimama mbele na kupunga kijiti. Aliyeongoza alikuwa mpiga fidla wa kwanza au mpiga kinanda, naye aliongoza huku akipiga, kwa kutikisa kichwa, kwa pumzi na kwa jicho. Aliyewahi kuitazama bendi ya taarabu ikisubiri ishara ya mpiga udi, au wacheza nyatiti na oporo wakibadilishana zamu kwa kutupiana macho, ataelewa mara moja.

Ala zenyewe

Tuanze na fidla. Fidla mashuhuri kuliko zote zilitengenezwa na Antonio Stradivari wa mji wa Cremona, Italia, aliyefariki 1737. Watu wengi hudhani kwamba fidla hizo zimebaki jinsi alivyoziacha. Sivyo. Karibu zote zilifanyiwa marekebisho katika karne ya 19: shingo ikarefushwa na kuinamishwa nyuma, na nyuzi zikakazwa zaidi ili sauti ijaze kumbi kubwa. Baadaye nyuzi za chuma zikachukua nafasi ya utumbo. Kipande cha kuwekea kidevu nacho hakikuwepo. Kilibuniwa karibu mwaka 1820 na mpiga fidla Mjerumani, Louis Spohr.

Mpiga fidla wa baroki huyarejesha yote hayo nyuma. Fidla yake ina shingo fupi na nyuzi za utumbo, nayo hulala begani bila ya kushikiliwa kwa kidevu. Uta wake ni mfupi, mwepesi, na umepinda kuelekea nje kama uta wa mwindaji. Sauti inayotoka ni nyororo na yenye mkwaruzo kidogo, na kila noti huanza kwa nguvu kisha ikafifia, kama neno linavyotamkwa. Wapenzi wa muziki huu husema kwamba fidla ya kisasa huimba lakini fidla ya baroki huzungumza.

Viola da gamba ni ala nyingine ya nyuzi. Jina lake kwa Kiitaliano lina maana ya viola ya mguu, kwani mpigaji huiweka kati ya miguu yake. Ina nyuzi sita au saba, na shingoni imefungwa mikanda ya utumbo inayoonyesha mahali pa kubonyeza, kama gitaa. Bach aliitumia mara kadhaa, ikiwemo katika ile ya sita miongoni mwa tungo zake ziitwazo Brandenburg, ambazo alizikabidhi kwa kabaila mmoja mwaka 1721.

Hapsikodi ni kinanda kinachofanana na piano kwa umbo, lakini utendaji wake ni tofauti. Katika piano, nyundo ndogo hugonga uzi. Katika hapsikodi, kila kibonyezo huinua kijiti chenye ncha ya unyoya wa ndege, na ncha hiyo hukwanyua uzi kama kidole kinavyokwanyua uzi wa gitaa. Kwa sababu hiyo, mpigaji hawezi kuongeza sauti kwa kubonyeza kwa nguvu. Piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence karibu mwaka 1700, lakini ilichukua miongo mingi kabla ya kuishinda hapsikodi.

Zipo pia ala za kupuliza: filimbi ya mbao yenye kibonyezo kimoja tu, oboe ambayo ni jamaa ya zumari ya pwani, na tarumbeta isiyo na vibonyezo, ambayo mpigaji huibadilishia noti kwa midomo na pumzi pekee.

Kisha ipo rekoda. Ala hii haihitaji utambulisho kwa mzazi yeyote wa Kenya ambaye mtoto wake aliwahi kutumwa kununua kifilimbi cha plastiki cha somo la muziki. Rekoda ni ala halisi ya baroki. Bach, Handel na Vivaldi wote waliitungia muziki. Zile za plastiki zinazouzwa River Road zimefuata kwa sehemu kubwa umbo lililokamilishwa na mafundi wa karne ya 17 na 18. Kwa hivyo mtoto wa Makongeni anayewachosha majirani kwa kifilimbi chake tayari ameshika mkononi nakala ya ala ya kale.

Kulinganisha sauti

Okestra za leo hulinganisha ala zao kwa noti iitwayo A, ambayo kimataifa imewekewa kiwango cha mitetemo 440 kwa sekunde. Zama za baroki hapakuwa na kiwango kimoja. Kila mji ulikuwa na chake, kwa kufuata kinanda kikuu cha kanisa au ala za mafundi wa mahali hapo. Makundi ya sasa yamekubaliana kutumia, mara nyingi, mitetemo 415, yaani takriban nusu hatua chini ya kiwango cha leo. Hili si ukweli wa kihistoria bali ni maafikiano ya kurahisisha kazi.

Muhimu zaidi ni kile ambacho hakikuandikwa. Mtunzi wa baroki aliandika noti za besi na juu au chini yake akaweka tarakimu. Tarakimu hizo zilimwambia mpiga hapsikodi au mpiga luti ni sauti gani zinazokubalika; namna ya kuzipanga aliachiwa mwenyewe, papo hapo. Vivyo hivyo mwimbaji aliporudia ubeti alitarajiwa kuunakshi kwa madoido yake. Aliyeuimba jinsi ulivyoandikwa alionekana hajui kazi. Mtribu wa Lamu au wa Unguja hatalishangaa jambo hili hata kidogo.

Jinsi mnyororo ulivyokatika

Ala hizi hazikufa siku moja. Ladha ilibadilika, kumbi zikapanuka, na mafundi wakafuata fedha. Carl Friedrich Abel, Mjerumani aliyeishi London na ambaye huhesabiwa kuwa gwiji wa mwisho wa viola da gamba wa zama zake, alifariki mwaka 1787, na kwa miaka takriban mia moja hapakuwa na wa kuchukua nafasi yake. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 19, mjini Paris, hapsikodi zilizokuwa zimepambwa kwa dhahabu zilipasuliwa na kufanywa kuni za kupasha vyumba joto.

Muziki wa Bach wenyewe ulikuwa umesahauliwa na umma. Mwaka 1829, Felix Mendelssohn, aliyekuwa kijana wa miaka 20, aliufufua mjini Berlin utungo wa Bach kuhusu mateso ya Yesu kwa mujibu wa Mathayo. Hata hivyo, aliupiga kwa ala za wakati wake. Swali la jinsi ulivyosikika hapo awali lilikuwa bado halijaulizwa kwa dhati.

Aliyeliuliza kwa vitendo ni Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Ufaransa aliyefanya kazi zake Uingereza. Alikusanya ala za zamani, akazikarabati, akaziiga, na akaifunza familia yake nzima kuzipiga. Rekoda aliyokuwa akiithamini ilipotea mwaka 1919 katika stesheni ya Waterloo, London, baada ya mwanawe mdogo kusahau mkoba. Badala ya kulia, Dolmetsch alijitengenezea nyingine kutokana na vipimo alivyokuwa amevihifadhi. Rekoda za shuleni zilizoenea duniani ni wajukuu wa ajali hiyo.

Mwaka 1933 ilianzishwa mjini Basel, Uswisi, shule maalumu ya muziki wa kale. Mwaka 1953, Nikolaus Harnoncourt na mkewe Alice walianzisha mjini Vienna kundi la Concentus Musicus. Yeye na Mholanzi Gustav Leonhardt walianza mwaka 1971 kurekodi kantata zote za kidini za Bach kwa ala za kale, kazi iliyochukua karibu miongo miwili. Miaka hiyo ya sabini ndipo yalipozaliwa makundi mengi yanayosifika hadi leo, yakiwemo English Concert na Academy of Ancient Music ya Uingereza, La Petite Bande ya Ubelgiji na Les Arts Florissants ya Ufaransa.

Walijuaje namna ya kupiga ilhali walimu walikuwa wamekufa? Walirejea maandishi. Johann Joachim Quantz aliandika kitabu cha filimbi mwaka 1752. Carl Philipp Emanuel, mwana wa Bach, aliandika cha vinanda mwaka 1753. Na Leopold Mozart, babake Mozart maarufu, alitoa cha fidla mwaka 1756. Walichunguza pia picha za kuchorwa, na wakapima ala zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho.

Si wote walioridhika. Richard Taruskin, msomi Mmarekani aliyefariki 2022, alishikilia kwamba hakuna anayeweza kuijua sauti ya karne ya 17 kwa hakika, na kwamba kinachoitwa uhalisi ni ladha ya watu wa leo iliyovishwa kanzu ya kale. Hoja yake ilikuwa na uzito, na wanamuziki wengi waliacha kujigamba kwamba wao ndio wenye ukweli. Waliendelea kupiga, lakini kwa unyenyekevu zaidi.

Udi, babu wa luti

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba masimulizi haya ni ya Wazungu peke yao. Katika makundi ya baroki mara nyingi huonekana mtu aliyepakata ala yenye tumbo la mviringo kama nusu ya boga. Hiyo ni luti, na jina lake limetokana na neno la Kiarabu al-ud, yaani udi. Ala hiyo iliingia Ulaya kupitia Andalusia na Sicily. Mwanamuziki Ziryab alihamia Cordoba kutoka mashariki katika karne ya tisa, naye hutajwa miongoni mwa waliouheshimisha udi huko. Kwa hivyo mpiga luti wa Paris na mpiga udi wa Mombasa ni binamu, ijapokuwa udi wa Mombasa ndio uliobaki karibu na babu.

Hata lugha yetu inashuhudia mabadiliko ya ala. Neno kinanda, ambalo leo humfikirisha mtu juu ya ala ya kubonyeza iliyoko kanisani, zamani lilitumika kwa ala ya nyuzi. Neno limebaki, kilichotajwa kimebadilika.

Zama za baroki nazo zilikuwa na muziki wake katika pwani hii. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, ilitekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Mwaka huo wa 1698 Bach alikuwa mvulana wa miaka 13. Katika karne hiyo ya 17, kisiwani Pate, wenye mamlaka walikuwa na siwa ya pembe za ndovu, baragumu refu kuliko kimo cha mtu, lililopulizwa kwa ubavuni katika shughuli za kitawala na harusi za watu wa daraja la juu. Siwa hiyo, pamoja na ile ya shaba ya Lamu, ni miongoni mwa hazina kuu za makumbusho ya Lamu. Fidla za Stradivari bado hupigwa. Siwa imebaki zaidi ya kutazamwa.

Mayatima wa Venice, watoto wa Korogocho

Lipo swali ambalo mkazi wa Eastlands ana haki ya kuliuliza: muziki uliotungwa kwa ajili ya makasri unamhusu nini mtoto wa mtaani?

Jibu la kwanza limo katika historia ya muziki wenyewe. Mwaka 1703 Vivaldi aliajiriwa kuwa mwalimu wa fidla katika Ospedale della Pietà, makao ya watoto waliotelekezwa mjini Venice. Wasichana wa makao hayo, wengi wao wasiojua wazazi wao, walipiga na kuimba wakiwa wamefichwa nyuma ya vizuizi vya chuma kanisani, na wageni wakasafiri kutoka kote Ulaya kuwasikiliza. Tungo nyingi za Vivaldi ambazo leo huhesabiwa kuwa muziki wa mabwanyenye ziliandikwa kwa ajili ya vidole vya mayatima hao.

Messiah nayo ilianza kama harambee. Mapato ya onyesho la Dublin mwaka 1742 yaligawiwa hospitali mbili na mfuko wa kuwasaidia wafungwa wa madeni, na wadaiwa 142 wakaachiliwa kutoka jela. Ili watu wengi zaidi waenee ukumbini, wanawake waliombwa wasivae sketi zao za mapete na wanaume waache panga nyumbani.

Jibu la pili limo Eastlands kwenyewe. Mwaka 2008 Elizabeth Njoroge alianzisha katika kanisa Katoliki la St John's, Korogocho, karibu na jaa la taka la Dandora, mpango wa kuwafunza watoto muziki wa kitaaluma. Mpango huo, Ghetto Classics, ulikua kutoka kikundi kidogo hadi kuwafikia mamia ya watoto, na ukatoa wapiga fidla, selo, tarumbeta na filimbi. Baadhi ya vijana wake waliingia Safaricom Youth Orchestra, iliyoundwa mwaka 2014. Ala wanazotumia ni za kisasa, si za kale, lakini muziki wa Bach, Vivaldi na Handel ni sehemu ya shule ya kila mpiga fidla.

Nchini Afrika Kusini mfano umekwenda mbali zaidi. Mjini Soweto, Rosemary Nalden, Mwingereza aliyekuwa akipiga viola katika makundi ya ala za kale, aliongoza kuanzishwa kwa shule ya Buskaid mwaka 1997. Alichowafunza vijana wa Diepkloof si kushika fidla tu, bali pia mtindo wa baroki: wepesi wa uta, matamshi ya noti na mdundo wa dansi. Mwaka 2007 vijana hao walipiga muziki wa Rameau katika tamasha la Proms jijini London. Isitoshe, Buskaid ina karakana ambamo vijana hufunzwa kukarabati na kutengeneza ala.

Jirani zetu wa Kongo nao wana kisa chao. Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoasisiwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na ala chache zilizopigwa kwa zamu. Uzi wa fidla ulipokatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli.

Kinachokosekana

Ni nini basi kinachohitajika ili kundi la ala za kale liote mizizi katika mtaa kama Makongeni? Kwa kushangaza, si malighafi. Utumbo wa kondoo si kitu adimu kwa mtu aliyezoea soko la nyama la Burma, na utumbo kwa mkazi wa Eastlands hauna siri: ndio unaotengenezewa mutura. Mbao zipo, na mafundi seremala wa Gikomba hawashindwi na kipande cha mti. Kinachokosekana ni ujuzi wa kuusafisha, kuusokota na kuukausha utumbo hadi uwe uzi wenye unene sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na ujuzi wa kuukwangua ubao hadi uitikie sauti.

Ujuzi huo ni wa mkono. Haupatikani kwa kusoma pekee, na ndiyo sababu Ulaya ilitumia karibu karne nzima kuurejesha. Aidha, nyuzi za utumbo hudai subira: hubadilika kwa unyevu na kwa ukavu, na hukatika bila taarifa. Mpigaji hulazimika kuzilinganisha upya mara kwa mara, wakati mwingine katikati ya onyesho.

Walimu nao ni wachache. Chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire, kilichoanzishwa mwaka 1944, kimefunza vizazi vya wanamuziki jijini Nairobi, na Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 likiwa la walowezi, liligeuka kuwa jukwaa la maelfu ya wanafunzi. Misingi hiyo ilijengwa juu ya ala za kisasa na sauti ya kwaya. Ala za kale, za Ulaya au za Afrika, zilikuja baadaye.

Zetu je?

Hapa ndipo kisa cha baroki kinapogeuka kuwa onyo. Nyatiti ya Waluo, yenye nyuzi nane, ilikuwa ikifungwa nyuzi za mishipa ya ng'ombe. Leo nyingi hufungwa nailoni, na ladha ya sauti imebadilika kama ilivyobadilika ya fidla ilipoacha utumbo. Obokano ya Abagusii, litungu ya Wabukusu, orutu ya Waluo na wandindi ya Wakikuyu zote ni ala zenye mafundi na wapigaji wao, lakini ni vijana wachache wanaoketi miguuni pa wazee kujifunza. Gambusi ya pwani, iliyochongwa kutoka gogo moja na kuwambwa ngozi, ilisindikiza nyimbo za Waswahili kabla ya udi kuipokonya kiti.

Wapo waliothibitisha kwamba mnyororo unaweza kushikwa kabla haujakatika. Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliipeleka nyatiti katika majukwaa ya dunia. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, aliuheshimisha udi wa Waswahili nchini na ng'ambo. Kisiwani Unguja, Nadi Ikhwan Safaa, kundi la taarabu lililoanzishwa mwaka 1905, limerithishana ala na nyimbo kwa zaidi ya karne, na chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanza kufunza mwaka 2002, kiliuweka udi, kanuni na ngoma za asili katika darasa moja na fidla na piano.

Tofauti kati ya hali yetu na ya Ulaya ni moja, nayo ni kubwa. Dolmetsch na Harnoncourt walilazimika kuwauliza wafu, kwa kupitia vitabu na makabati ya makumbusho, na bado wasomi kama Taruskin wakawaambia kwamba hawana hakika. Ala zetu nyingi hazikuandikiwa vitabu vya mafunzo mwaka 1752 wala 1756. Kitabu chake ni mzee anayezipiga. Akiondoka bila mwanafunzi, hapatakuwa na Quantz wa kurejelewa, na siwa ndani ya kabati la kioo haitasema ilipulizwaje.

Kwa hivyo mtoto wa Eastlands anayejifunza Vivaldi na yule anayejifunza nyatiti hawapingani. Wote wawili wanafanya kazi ile ile ya kuipokea sauti kutoka kwa mikono iliyotangulia na kuihifadhi katika mikono yao. Kwaya ya Makongeni iliyoimba Haleluya ya Handel kwa miaka mingi, bila kuwa na hata fidla moja, ilikuwa tayari imeonyesha kwamba muziki wa mbali unaweza kupata makao ya karibu. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba muziki wa karibu haufukuzwi nyumbani kwao. Wahenga walikwisha kutuonya: usitupe mbachao kwa msala upitao.